Siku Mume wa Bibi Edna Alipogonga Mlango

Haya ninayokueleza niliyaona mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimevaa aproni na mikono yangu ina unga. Nataja mchana kwa sababu kila ninayemsimulia huanza kuniuliza ilikuwa saa ngapi za usiku. Haikuwa usiku. Sikuwa nimesinzia, sikuwa na homa. Mchungaji wetu hapa Dallas alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nimechoka na shifti, niombe likizo. Dada mmoja wa kwaya akasema ni pepo, akataka kuniwekea mikono. Nikamwambia kama anatafuta mtu wa kumwombea, amwombee mwanamume aliyemtoa mama yake kwao kwa uongo. Akaona nimemjibu vibaya. Basi, nawe ukiona napandisha sauti, univumilie. Miaka imepita na hasira yangu bado haijapoa.

Ilikuwa mwaka 2018. Nilikuwa natunza wazee majumbani, kazi ambayo karibu kila Mtanzania ninayemjua hapa Texas ameipitia kabla hajapata nyingine. Nikapelekwa Cedar Hill, pembeni mwa Dallas, kwenye nyumba kubwa ya matofali, nyasi zake zimekatwa kama zulia. Mwenye nyumba aliitwa Walter. Kazi yake ilikuwa mambo ya mafuta; Jumatatu anaondoka na gari kwenda Houston, Ijumaa anarudi. Siku za katikati nilikuwa nalala pale na mama yake, Bibi Edna. Hilo neno bibi nilimfundisha mimi, akalipenda, akakataa nimwite kwa jina lingine. Yeye aliniita binti.

Bibi Edna alitoka Alaska, huko juu kabisa ambako hata miti haioti. Kijiji chao kiko ufukweni, hakina barabara ya kwenda popote. Unaingia kwa ndege ndogo, na ukungu ukishuka huwezi kusafiri hata wiki nzima. Lakini kule alikuwa anatembea kwa miguu yake, anajua kila nyumba ina nani. Hapa Cedar Hill, penye barabara za kila aina, hakuweza kufika hata dukani, maana hapa bila gari wewe ni sawa na kabati.

Watu wake ni wafugaji. Wanafuga wale kulungu wa theluji, wenye manyoya mazito na kwato pana, ambao watoto wa hapa wanawajua kwenye kadi za Krismasi tu na wanadhani wanaruka angani. Mimi ni Mwiraqw wa Mbulu, nimekulia zizini, kwa hiyo aliponiambia hivyo niliacha nilichokuwa nafanya nikakaa chini. Akaniuliza ng'ombe wetu walikuwa na rangi gani. Niamini, katika miaka yangu yote Marekani hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza hilo.

Asubuhi nyingi zilipita hivyo, yeye akisimulia, mimi nikimchana nywele. Nyama ya wale wanyama ndiyo chakula chao, na inayozidi inauzwa mjini. Ngozi ni nguo na matandiko. Wakati wa kiangazi wanawaswaga wote kutoka milimani mpaka kwenye boma la mbao, kijiji kizima kinakuja, watoto wanang'ang'ania miguu ya ndama, wanawake wanapika nje. Pale ndipo madume yanakatwa pembe zikiwa bado changa na laini, na kuna wanunuzi wanaozipeleka Asia kutengenezea dawa. Na pale ndipo kila ndama anakatwa sikio, kila ukoo na alama yake. Alama ya kwao ilikuwa mapengo mawili kwenye sikio la kushoto na ncha ya kulia iliyokatwa. Nikamwambia na sisi tunakata masikio. Akacheka, akasema basi tunaweza kuibiana.

Si kwamba aliyafanya maisha yale yaonekane rahisi. Petroli inafika kwa tishari mara moja kwa mwaka, na ni ghali ajabu, kwa hiyo mnyama anauzwa ili ipatikane petroli ya pikipiki ya theluji ya kumchungia mnyama. Mvua ikinyesha katikati ya baridi, ardhi inafunikwa na barafu ngumu, wanyama wanakwaruza mpaka kwato zinatoka damu na hawayafikii majani. Vijana wanakwenda kutafuta mishahara mjini. Walter alikuwa mmoja wao, na Bibi hakuwahi kumlaumu kwa hilo. Sikiliza vizuri: hakumlaumu kwa kuondoka.

Kilichowamaliza ni wale wa porini. Wanyama wa kufugwa wana ndugu zao ambao hawajafugwa, maelfu kwa maelfu, wanaohama kila mwaka. Zamani walipita mbali. Kisha wakabadilisha njia, wakapita katikati ya malisho ya kijiji kama mto uliofurika, na wa kufugwa wakawafuata. Hakuna kamba wala mbwa wa kuzuia kitu kama hicho. Mume wa Bibi Edna, Elmer, aliamka akakuta milima mitupu. Akajaza petroli kwenye pikipiki yake akawafuata. Walioenda kumtafuta waliikuta pikipiki imeishiwa mafuta, nyayo zake zinaendelea mbele kwa miguu, halafu nyayo zinachanganyika na kwato, halafu zikabaki kwato peke yake. Hakuna kaburi. Bibi alibaki na wanyama wachache ambao hawakuondoka, akawachunga na mpwa wake kwa miaka mingi.

Sasa nikueleze alichofanya Walter. Alimpigia mama yake simu akamwambia njoo ule Krismasi nami Texas, utarudi jua la kwenu likianza kuchomoza tena baada ya giza la baridi. Mama akafunga begi moja. Alipokuwa huku, Walter akamwachia mpwa wale wanyama, akampa mtu nyumba, akauza pikipiki. Akamweleza mezani, huku anakula. Alimwambia, "Huna tena pa kurudi, Mama. Pumzika." Nami nilipofika pale, zilikuwa zimepita Krismasi mbili.

Hakumpiga. Hakumnyima chakula. Alimnunulia televisheni kubwa kama ukuta na kiti kinachomkanda mgongo, na majirani wakamsifu kwamba huyo ndiye mtoto. Umeshawahi kumwona mtu anakufa kwa kutunzwa? Mimi nimemwona, na nilikuwa nalipwa kushika kijiko.

Siku yenyewe ilikuwa ya Januari, ya mvua ya barafu, zile siku mbili tatu kwa mwaka ambazo Dallas nzima inasimama, shule zimefungwa na magari yanaserereka. Walter alikuwa Houston. Mimi nilikuwa jikoni nakanda unga wa chapati. Bibi alikuwa dirishani tangu asubuhi, hakutaka televisheni, alikuwa ameniomba nizime mtambo wa joto. Nikauzima. Baadaye kidogo nikasikia sauti nje, kama mtu anayealisha vidole, tena si mmoja, wengi, taratibu, wanakuja.

"Unaisikia miguu yao?" Bibi akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa. Akanieleza kwamba wale wanyama wakitembea mishipa ya miguu yao inalia hivyo, na kwenye ukungu mchungaji huwasikia kabla hajawaona.

Kisha mlango ukagongwa.

Nilifungua. Nilidhani ni jirani amekatikiwa umeme. Alikuwa mzee mfupi, mpana wa mabega, amevaa koti la manyoya la kizamani lenye kofia, uso umeungua kwa upepo, nyusi zake zina barafu. Alinuka moshi wa kuni mbichi na mnyama aliyelowa. Nyuma yake hapakuwa na gari. Na ile barafu ya kwenye saruji, ambayo hata paka angeiachia alama, ilikuwa nzima kama kioo.

Akanisalimu kwa Kiiraqw.

Umesikia? Si Kiingereza. Kiiraqw cha wazee wa Mbulu, salamu ndefu ile, ya kuuliza watu na kuuliza ng'ombe na kuuliza mvua. Sikuwa nimesalimiwa hivyo tangu tumzike baba. Mwili ukanisisimka, lakini mkono wangu wenyewe ukaenda kifuani kama tunavyofanya mbele ya mkubwa, na nikaitikia. Ungefanya nini wewe? Mtu mzima amekusalimu, unamfungia mlango?

Nikamkaribisha ndani. Akatikisa kichwa, akasema hawezi kuingia kwenye joto la nyumba hii, hata likiwa limezimwa. Kisha akanishika kifundo cha mkono, akasema, "Mwambie mke wangu nimewapata."

Nikamuuliza amewapata nani.

"Wote. Hata waliozaliwa huko njiani. Mwambie mwanangu amrudishe nyumbani, nitamkuta hapo. Akichelewa, nitakuja kumchukua mwenyewe, na mimi njia yangu ni ya baridi."

Nyuma yangu nikasikia magurudumu ya kigari cha kutembelea cha Bibi, na Bibi analitaja jina la Elmer. Niligeuka kidogo tu, kuangalia asiteleze. Nilipoangalia tena mlangoni palikuwa patupu, mvua ya barafu inanyesha. Bibi akafika, akanyoosha mkono wake nje, akauacha hapo mpaka ukalowa. Hakulia. Aliniuliza kama unavyouliza habari za mtu aliyetoka safari.

"Amekonda?"

"Hajakonda, Bibi."

"Haya," akasema. Nami nikamweleza ujumbe wote, neno kwa neno.

Simu yangu ikaita hapohapo. Alikuwa Walter. Mlango wake una kamera, anaangalia kwenye simu akiwa Houston nani amegonga. Alikuwa anacheka. Akaniuliza kwa nini nafungua mlango nasimama napiga gumzo na kulungu, hivi sijui wale wa Texas wakitishwa wanapiga teke? Cedar Hill kulungu wapo, ni kweli, wanakuja mpaka kwenye bustani kula maua. Nikamwambia Walter, hapa hakuna kulungu, amekuja mzee wa kwenu, amevaa koti la manyoya, amesema kawapata wote. Kicheko kikakatika. Akakata simu.

Barafu ya barabarani ilipoyeyuka alikuja, wala haikuwa Ijumaa. Mama yake akaomba aone picha ya ile kamera. Alisitasita, akatoa simu, tukaangalia sote watatu. Kwenye picha mimi nimesimama mlangoni, mkono kifuani. Mbele yangu kuna mnyama mkubwa, wa kijivu, shingo imening'inia manyoya meupe, hana pembe. Kulungu dume wa Texas Januari bado ana pembe. Wale wa Bibi madume yao yanakuwa yameshaziangusha. Na mimi na mnyama yule tumetazamana kama watu wanaojuliana hali.

Bibi akaweka kidole kwenye sikio la kushoto la yule mnyama. Mapengo mawili. Akapeleka kidole kwenye la kulia. Ncha haipo.

"Isome," akamwambia mwanawe. "Baba yako alikufundisha kuikata."

Walter akachukua simu, akaifuta ile picha. Nilikuwa karibu naye, niliona kidole chake kinakosea kubonyeza, akarudia. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, si kabla. Mtu ambaye haamini namsamehe, hata mimi pengine nisingeamini. Lakini yule alijua. Aliijua alama ile kama anavyolijua jina lake, na akaifuta mbele ya mama yake.

Bibi akasema anataka kwenda nyumbani. Walter akajibu subiri kiangazi. Bibi akamkumbusha kwamba mwaka jana alisema hivyohivyo. Walter akageukia televisheni.

Sikuweza kunyamaza. Nikasema, "Walter, mama yako anakuomba mbele yangu. Mpeleke."

"Wewe umeajiriwa kumwogesha na kumlisha."

"Nimemwogesha na nimemlisha. Mengine yote yanakusubiri wewe."

Akanifukuza siku ileile. Nilimkumbatia Bibi, akaninong'oneza nisijisumbue, kwamba mtu wake hajawahi kuacha mnyama njiani. Nikaendesha kurudi nyumbani nalia, nikapitiliza njia ya kutokea barabara kuu kwenda kwangu, sijui nilifikaje.

Baada ya hapo Walter akamhamishia Houston, kwenye nyumba ya wazee upande wa Alief, milango yote inafunguka kwa namba za siri. Nilipopata siku ya mapumziko nilikwenda na chapati kwenye kitambaa. Mapokezi wakaniambia jina langu limekatazwa. Nilikuwa nimesimama kwenye maegesho, nimefura kama chura, ndipo akatoka mfanyakazi mmoja, mama wa Mombasa, Bi Zuhura, akanisikia naongea peke yangu kwa Kiswahili. Alikuwa ndiye anayemhudumia Bibi. Akazichukua zile chapati ampelekee. Akaniuliza kwa upole kama huyo bibi ana jamaa wanaomtembelea bila kupita mapokezi, maana zulia karibu na kitanda chake haliishi kulowa, na chumba kinanuka moshi, na wamemleta fundi mara kadhaa hajaona kitu. Sikumficha. Nilimsimulia yote pale kwenye jua. Yeye hakucheka. Alisema tu, "Basi heri aje mapema, dada yangu, maana mwanawe haji."

Elmer alikuja baridi iliyofuata. Bi Zuhura alinipigia simu. Kulikuwa na ukungu na baridi kali, mchana, watu wanakula. Kiti cha Bibi kilikuwa kitupu. Milango yote imefungwa, hakuna kengele iliyolia. Walimkuta kwenye uwanja ulio nyuma ya jengo, ameketi chini, ameegemea kitu ambacho hakikuwepo, ameshafariki, uso wake umetulia. Mtu ambaye hawezi hatua bila kigari chake. Ndara zake zilikuwa kavu kwenye nyasi zilizolowa. Na nyasi zile, Bi Zuhura aliziona kwa macho yake, zilikuwa zimekanyagwakanyagwa kumzunguka pande zote, kama kundi kubwa lilisimama pale muda mrefu kumkinga upepo.

Na Walter? Walter alimsafirisha. Ndege hadi Alaska, ndege ndogo hadi kijijini, jeneza zuri. Maiti ilipata tiketi. Mwenye uhai aliyekuwa anaomba kwa mdomo wake mwenyewe alikosa.

Alinipigia akiwa huko, baada ya mazishi. Nilisikia upepo kwenye simu. Alitaka nimrudie alichosema baba yake, nikamrudia. Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ya yule bwana mkubwa wa Cedar Hill, ilikuwa ya mtoto. "Kwa nini alikujia wewe? Mimi ni mwanawe. Nimemsubiri miaka yote hii."

Nilitamani kumwonea huruma. Nikajaribu kabisa. Nikamjibu, "Alikuja nyumbani kwako, Walter. Ulimwona kabla yangu, ukacheka. Na ulipomjua, ukamfuta." Nikakata simu. Hajapiga tena.

Mimi nimebaki na kifundo hiki cha mkono. Pale aliponishika, vinyweleo havioti tena, ngozi imepauka, na ni baridi. Agosti, Dallas inawaka, watu wanakimbilia kivuli, hapo pangu ni baridi kama chuma cha friza. Daktari amepima damu na mishipa, hakuona kasoro. Ukikutana nami nitakupa mkono uguse mwenyewe, halafu uniambie nimechoka na shifti.

Kazi za majumbani niliziacha. Na jambo lingine: wakati yote haya yanatokea nilikuwa nimeshaanza kumwombea mama yangu viza, aje kutoka Mbulu anilelee watoto. Nilikuwa nimepanga chumba chake, nimemnunulia koti. Sikuwa nimemuuliza. Usiku uleule wa simu ya Walter, kwao kukiwa asubuhi, nilimpigia nikamuuliza kama anataka kuja. Alishangaa, akasema hakuna mtu aliyemuuliza hilo. Kisha akasema hapana, mwanangu, hapana kabisa, na akapumua kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

Kwa hiyo nawaambia ninyi, wa Dallas, wa Houston, popote mlipo. Tunajua kuchangishana kusafirisha maiti; kila mwezi kuna bahasha kanisani na msikitini, na tunajisifu. Lakini kuna mama kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yako, amewekewa televisheni, anakwambia anataka kwenda kwao, nawe unamwambia subiri kiangazi. Mkatie tiketi. Na yule ambaye bado hujamleta, muulize kwanza, uliza leo, ukae kimya mpaka amalize kujibu. Maana kila mmoja wetu ana watu wake waliotangulia, na sina uhakika hata kidogo kwamba wa kwako watagonga mlango.